Siku Niliyosoma Deni la Mathe kwa Laptopu ya Beshte

Leo si story ya ngoma mpya wala ya nani alimwacha nani. Leo nataka kukiri kosa ambalo nilifanya kwa miezi minane mfululizo, huku nikijiona msee mkali wa kompyuta hapa Umoja nzima. Kama wewe pia unaandika programu, au una ndoto ya kuandika, soma mpaka mwisho. Kama huandiki, soma pia, kwa sababu jina lako na deni lako liko kwa databesi ya mtu fulani, na huyo mtu anaweza kuwa mjinga kama nilivyokuwa mimi.

Mathe ana chama. Ni akina mama 34, wengi wao wanauza Mutindwa: nguo za mtumba, nyanya, viatu vya watoto, mandazi. Kila wiki kila mtu anatoa mia tano. Kuna kukopa, kuna kulipa na riba kidogo, na mwisho wa mwaka wanagawana. Kwa miaka mingi hesabu yote ilikuwa kwa daftari moja kubwa lenye jalada jeusi, na daftari hilo lililala kwa mweka hazina chini ya godoro. Siku moja mvua ilinyesha, paa likavuja, kurasa za mwezi mzima zikawa uji wa wino.

Hapo ndipo mathe akanitaja. "Si kijana wangu anasomea kompyuta?"

Nilikuwa mwaka wa pili wa diploma. Tulikuwa tumefundishwa Java na NetBeans, na nilikuwa na hamu ya kujenga kitu ambacho kitatumika na watu wa kweli, si ile mifumo ya maktaba ambayo kila mwanafunzi hujenga ili apate alama. Nikakodisha seva ndogo ya bei rahisi huko mtandaoni, nikaweka MySQL, nikaandika programu ambayo mweka hazina anaifungua kwa kompyuta yake, anaona orodha ya wanachama, anaingiza michango, anaandika mikopo. Kila mkopo una kiasi, tarehe, salio, na sehemu moja ya maneno inayoitwa "sababu". Hiyo ya sababu waliitaka wenyewe. Chama kinataka kujua pesa inaenda kufanya nini.

Ilifanya kazi. Mwezi wa kwanza akina mama walinipigia makofi kwa mkutano. Nilinunuliwa soda. Mathe alitembea mtaani kama ameoza binti kwa waziri.

Sasa sikiza kilichotokea Agosti.

Ilikuwa Jumamosi. Stima ilikuwa imepotea ploti yetu tangu asubuhi. Mweka hazina alikuja kejani na laptopu yake akisema programu inakwama. Beshte yangu alikuwa hapo, anasomea mambo ya mitandao, na alikuwa na bando. Akasema, "Anti, shika hotspoti yangu." Anti akashika. Mathe alikuwa jikoni anachemsha chai.

Beshte alikuwa na kazi ya darasa. Alikuwa amefungua Wireshark, ile programu ya kutazama kila kitu kinachopita kwa mtandao wako. Anti akabonyeza "Wanachama wenye mikopo". Sekunde kadhaa zikapita. Kisha beshte akanigusa mguu chini ya meza na kunigeuzia skrini yake polepole.

Manze, kila kitu kilikuwa hapo. Si alama za ajabu ajabu, ni maneno. Swali ambalo programu yangu ilituma kwa seva, neno kwa neno. Halafu majibu: jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kiasi, salio, sababu. Mstari mmoja baada ya mwingine. Mama fulani amekopa za matanga. Mwingine amekopa kumtoa mtoto polisi. Mwingine, karo.

Na mstari wa tisa, jina la mathe. Mkopo: 32,000. Salio: 11,500. Sababu: laptopu ya kijana.

Laptopu niliyokuwa nimeikalia hapo. Ile niliyojengea mfumo wenyewe. Mimi nilikuwa nimeambiwa ilitoka kwa mjomba wa Nakuru, kwamba alikuwa ameuza ng'ombe na akanikumbuka. Nilikuwa hata nimempigia mjomba nikamshukuru, naye akajibu tu, "Soma kwa bidii, mwanangu." Nadhani walikuwa wamepanga.

Beshte hakusema kitu. Alifunga ile programu, akafuta alichokuwa ameshika, akaomba chai. Nitamheshimu kwa hilo mpaka nizeeke.

Lakini sasa fikiria. Huyo ni beshte. Mweka hazina hafanyii kazi kwetu kila siku. Alikuwa akifungua programu yangu kwa saiba ya karibu na soko, kwa waifai ya bure ya mkahawa, kwa hotspoti ya yeyote aliyekuwa na bando. Miezi minane. Kila mahali hapo, mwenye mtandao angeweza kusoma madeni ya akina mama 34 kama gazeti lililotundikwa ukutani.

Na hapa kwetu unajua deni ni nini. Ploti zetu kuta ni nyembamba, jirani anajua umekula nini kwa harufu tu. Kitu pekee ambacho mama wa Eastlands anaweza kuficha ni anachodaiwa. Anaweza kuwa hana hata ya unga, lakini atatoka nje amevaa leso safi na kusalimia watu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi nilikuwa nimeichukua hiyo kata na kuiweka barabarani.

Sasa tuongee kazi. Ilikuwaje?

Nilipokuwa naandika programu, NetBeans ilinitolea onyo la rangi nyekundu, refu, kila nilipounganisha na MySQL. Lilikuwa linasema kwamba kuunganisha kwa njia iliyofungwa bila kuthibitisha seva ni nani si jambo zuri. Sikulielewa. Nikatafuta video, jamaa akasema weka hii tu mwisho wa anwani ya muunganisho na onyo litaisha:

useSSL=false

Onyo likaisha kweli. Baadaye likaja kosa lingine la ufunguo wa umma, nikatafuta tena, nikaongeza allowPublicKeyRetrieval=true. Likaisha pia. Nikafurahi. Ni kama king'ora cha nyumba kinalia usiku, nawe unaamka na kukata waya zake, kisha unarudi kulala ukijisifu kwamba umetatua shida ya kelele.

Kitu kilichonidanganya zaidi ni kwamba nywila yenyewe haikuonekana kwa Wireshark. MySQL huikoroga wakati wa kuingia, hata kama njia iko wazi. Kwa hivyo ukiangalia haraka unasema, "Ah, niko salama." Lakini nywila ni mlango tu. Ukishaingia, mazungumzo yote yanayofuata yanapita wazi: maswali na majibu. Na ile allowPublicKeyRetrieval=true niliyobandika bila kusoma inampa mtu aliyejipachika katikati nafasi ya kukupa ufunguo wake mwenyewe badala ya ule wa seva, na hapo hata nywila anaipata. Nilikuwa nimefungua milango miwili kwa mstari mmoja wa maandishi.

Wengi wetu tunajua kile kifuli kidogo kwa kivinjari, na tunajua WhatsApp imekuwa ikifunga jumbe zetu kutoka simu hadi simu tangu 2016. Tunadhani basi kila kitu kimefungwa. Wapi. Programu yako na databesi yako ni watu wawili wanaoongea, na kama hukuwaambia waongee kwa siri, wataongea kwa sauti. MySQL inaongea kupitia mlango 3306, PostgreSQL 5432. Kinachofunga mazungumzo hayo kinaitwa TLS. Ni mtoto wa SSL iliyotengenezwa na Netscape miaka ya tisini. TLS ya kwanza ilitoka 1999, na toleo la 1.3 lilitoka 2018. Watu bado wanaiita SSL kwa mazoea, kama vile wazee wanavyoita kila sabuni ya unga Omo.

TLS inafanya kazi mbili, na hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hivyo twende polepole.

Kazi ya kwanza ni kufunga bahasha. Chochote kinachopita katikati kinasimbwa, na anayechungulia anaona takataka. Kazi ya pili ni kuhakikisha bahasha inamfikia mwenyewe. Hizi ni kazi mbili tofauti kabisa.

Chukulia mathe anamtuma mtu wa boda apelekee mweka hazina pesa. Amefunga bahasha kwa gundi na uzi. Boda anafika kwa geti, anakuta mtu amesimama, anamuuliza, "Wewe ndiye mweka hazina?" Yule anajibu, "Ndiyo mimi." Anapewa bahasha. Njiani hakuna aliyeifungua. Bahasha ilikuwa imefungwa vizuri sana, na imeenda kwa mwizi.

Programu ya MySQL upande wa mteja, yaani upande wa kompyuta ya anti, ina ngazi tano za hili jambo. DISABLED: hakuna bahasha, peleka wazi. Hapo ndipo mimi nilikuwa. PREFERRED: jaribu kufunga, lakini seva ikisema haina uwezo, sawa, endelea wazi. Hii inasikika poa, lakini mtu aliyesimama katikati anaweza kujifanya seva isiyo na uwezo, nawe unamwamini na kuanza kuongea. REQUIRED: lazima bahasha ifungwe, lakini usiulize ni nani anayeipokea. Huyo ndiye boda wetu. VERIFY_CA: anayepokea aonyeshe cheti kilichotiwa sahihi na mtu ninayemwamini. VERIFY_IDENTITY: cheti kiwe na sahihi hiyo, na pia jina lililoandikwa kwa cheti liwe lile lile la seva niliyoenda kumtafuta.

Unataka ya tano. Nne za kwanza ni hatua za njiani.

Hivi ndivyo nilivyofanya wiki hiyo, usiku, baada ya stima kurudi.

Kwanza nilitengeneza vyeti. MySQL za siku hizi hujitengenezea vyeti vyake zenyewe inapowashwa mara ya kwanza, na utavipata ndani ya folda ya data: ca.pem, server-cert.pem, server-key.pem. Vinatosha kufunga bahasha. Lakini havina jina la seva yako ndani, kwa hivyo VERIFY_IDENTITY itavikataa. Kwa hivyo nikatumia openssl kujitengenezea mamlaka yangu ndogo ya kutia sahihi, kisha nikatengeneza cheti cha seva chenye jina kamili la seva, lile lile ambalo programu ya anti inalitumia kuitafuta. Kama programu inaita seva kwa nambari za IP na cheti kina jina, haitalingana. Mimi nilipoteza saa mbili hapo. Usipoteze zako.

Ule ufunguo wa mamlaka, ule unaotia sahihi vyeti, haukai kwa seva. Akiingia mwizi kwa seva na kuukuta hapo, anaweza kujitengenezea vyeti vyovyote na kompyuta ya anti itaviamini. Wangu uko kwa flashi, na flashi iko ndani ya mkebe wa Kimbo ambao mathe huwekea vifungo na sindano. Usiniulize mkebe uko wapi.

Pili, upande wa seva. Ndani ya faili la mipangilio niliandika njia za vile vyeti vitatu, nikahakikisha ufunguo wa seva unasomwa na mtumiaji wa MySQL peke yake, kisha nikaongeza mstari huu:

require_secure_transport=ON

Huo unaiambia seva ikatae mteja yeyote wa mtandaoni anayekuja bila kufunga. Kwa mtumiaji wa chama nikaongeza pia:

ALTER USER 'hazina'@'%' REQUIRE SSL;

Kuna walio wakali zaidi, wanatumia REQUIRE X509, ambapo hata mteja lazima aonyeshe cheti chake. Yaani si boda tu anayemuuliza mtu wa geti kitambulisho, na mtu wa geti anamuuliza boda. Nilifikiria hiyo, lakini nikaona anti akibadilisha kompyuta nitakuwa nikipigiwa simu usiku. Labda mwaka ujao.

Tatu, upande wa mteja. Nilitupa ile konekta ya zamani ya Java, nikaweka mpya. Nikafuta useSSL=false. Nikafuta allowPublicKeyRetrieval=true. Nikatumia keytool kutengeneza ghala dogo lenye cheti cha mamlaka yangu, nikaliweka pamoja na programu, kisha nikaandika:

sslMode=VERIFY_IDENTITY

Wewe unayetumia PostgreSQL, mambo ni yale yale kwa majina mengine. Seva: ssl=on, na kwa pg_hba.conf unaandika hostssl badala ya host. Mteja: sslmode=verify-full, na cheti cha mamlaka uwe nacho. Angalia vizuri, kwa sababu usiposema kitu, mteja wa PostgreSQL huchukua prefer, ambayo ni ile "jaribu, ikishindikana tuendelee tu".

Nne, na hii ndiyo watu huruka: jaribu kuvunja. Usijaribu tu kama inafanya kazi, jaribu kama inakataa. Niliweka DISABLED kwa makusudi, seva ikanifukuza. Nikaweka jina lisilo sahihi la seva, programu ikagoma kabisa kuunganisha. Nikaandika SHOW STATUS LIKE 'Ssl_cipher'. Na kuona jina la aina ya usimbaji, si nafasi tupu. Ukiona nafasi tupu, uko wazi. Mwisho nikamwita beshte na hotspoti yake. Akafungua Wireshark. Tukabonyeza "Wanachama wenye mikopo". Takataka tupu. Tulicheka kama watoto.

Mwishowe nikabadilisha nywila zote, na nikaufunga mlango 3306 usiwe wazi kwa dunia nzima bila sababu.

Hiyo ilikuwa rahisi. Kilichokuwa kigumu kilikuwa Jumapili.

Kuna sheria. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya faragha. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo inataja kusimba data miongoni mwa hatua za kuzingatia unapojenga mfumo. Sheria hiyo inasema pia kwamba data ikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara, mwenye kuishika ana saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data. Na yule anayemfanyia kazi, kama mimi, anatakiwa kumwambia mwenye data bila kuchelewa, ndani ya saa 48 ikiwezekana. Usidhani ni maandishi tu. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000, kwa sababu ya kutumia namba za watu kuwatumia jumbe za vitisho. Siku hizo hizo shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi.

Lakini nisikudanganye kwamba niliogopa faini. Niliogopa nyuso. Nilikuwa na mpango mzuri sana wa kunyamaza. Tatizo nimeshalitatua, nani atajua? Beshte hatasema. Nilikuwa nimelala na huo mpango usiku wa Jumamosi na ulikuwa mtamu kabisa.

Kulipokucha nilimkuta mathe anakunja leso za kwenda mkutano. Nikamwambia, "Mama, nimeona ile ya laptopu."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Ungejua, ungeacha shule uende mjengo. Nakujua."

"Na mjomba?"

"Mjomba wako hana hata kuku, sembuse ng'ombe."

Tukacheka. Kisha nikamwambia ni vipi nilivyoiona. Hapo hakucheka. Akauliza swali moja tu: "Kwa hivyo yale ya wenzangu pia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi twende ukawaambie mwenyewe."

Nilisimama mbele ya akina mama 34 kwa kanisa la mabati tunapokutania. Nikawaeleza. Sikutumia maneno makubwa. Niliwaambia kwamba nilijenga njia ya kupeleka hesabu zao, nikaiacha wazi miezi minane, na mtu mmoja ninayemjua alizisoma, na kama kuna wengine sina njia ya kujua. Niliwaambia nimeifunga na jinsi nilivyoifunga. Nikawaomba msamaha.

Mwenyekiti alinitazama muda mrefu. "Kwa hivyo kijana wangu, ulitujengea mlango ukasahau kitasa."

"Kitasa kilikuwepo, Mama. Mimi ndiye niliyekitoa kwa sababu kilikuwa kinapiga kelele."

Wengine walicheka. Mmoja hakucheka. Huyo wa kumtoa mtoto polisi. Alisimama akasema yeye jina lake litolewe kwa hiyo mashine, arudishwe kwa daftari. Hakupiga kelele. Alisema tu, akaketi. Nilimtoa jioni hiyo hiyo, na mpaka leo hesabu yake iko kwa daftari jipya, na mimi ndiye nililinunua. Nikikutana naye Mutindwa ananisalimia vizuri, lakini najua nilichomfanyia, naye anajua.

Jumatatu mimi na katibu wa chama tuliandika ripoti kwa ofisi ya Kamishna, tukaituma. Kwa kitabu cha mkutano waliandika mistari mitatu kuhusu jambo hilo. Wamama hawakunifukuza. Walisema jambo moja lililonishangaza: kwamba daftari chini ya godoro pia lilikuwa likisomwa na kila mtoto wa mweka hazina, na hakuna aliyewahi kuja kuomba msamaha.

Nikadhani story imeisha. Haikuisha. Vyeti vina tarehe ya mwisho. Changu nilikipa siku 365 na sikuandika popote kitaisha lini. Mwaka uliofuata, siku ya michango, saa nne asubuhi, simu ikaita. "Mwanangu, mashine imekataa." Akina mama wamepanga foleni na pesa mkononi, na mimi niko ndani ya mat imekwama Jogoo Road. Programu ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa: cheti kimeisha, haiongei na seva.

Na unajua wazo la kwanza lililonijia? Lile lile la zamani. Ingia kwa simu, badilisha mstari mmoja, mambo yataenda, nitarekebisha jioni. Kidole kilikuwa tayari. Halafu nikamkumbuka yule mama aliyesimama kanisani. Nikampigia anti nikamwambia, "Anti, leo andika kwa karatasi. Jioni nitaingiza zote mwenyewe." Akalalamika, lakini akaandika. Jioni nikatoa mkebe wa Kimbo, nikatia sahihi cheti kipya, nikaweka ukumbusho kwa simu yangu, ya anti, na ya mathe, mwezi mmoja kabla ya kuisha. Mathe akiona ukumbusho huo ananipigia kama ni siku ya kuzaliwa kwangu.

Nisikuuzie ndoto. TLS inalinda barabara tu. Haimlindi anti akiandika nywila kwa karatasi na kuibandika kwa skrini. Haimlindi mtu akipiga picha ya orodha na kuituma kwa grupu la WhatsApp. Nakala ya akiba uliyoweka kwa flashi bila kuifunga iko wazi vile vile. Kila kimoja cha hivyo kina kazi yake. Lakini barabara ndiyo ambayo huioni, na usichokiona ndicho unachokisahau.

Kwa hivyo wewe unayeandika mfumo wa shule ya jirani, wa sacco, wa kliniki ndogo ya mtaa, wa mwenye ploti: usiku huu fungua anwani yako ya muunganisho uisome. Tafuta neno false. Tafuta DISABLED. Tafuta ile kitu ulibandika kutoka kwa video na hukuielewa. Ukiipata, usione haya sana, tuko wengi. Irekebishe, kisha uende uwaambie wenye majina.

Mathe alimaliza lile deni Desemba. Salio sifuri. Niliona kwa mfumo, na safari hii nilikuwa nimemwomba ruhusa kwanza.